Usiningoje Nimalize Kitabu

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano usiku, wa sekunde 40 hivi. Aliyeutuma ni dada mmoja wa kundi letu la kusoma riwaya, na alikuwa akinong'ona kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala pembeni yake. "Jamani, sijafika hata ukurasa wa 40," alisema, "lakini huyu mzee Raza ananichanganya. Kuoa mtoto wa miaka 15! Simpendi kabisa. Ila namwonea huruma, na hiyo huruma yenyewe inaniudhi. Ni mimi peke yangu, au na nyinyi?" Ikasikika karatasi ikigeuzwa, kisha ujumbe ukakatika.

Tulikuwa tunasoma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka 1999. Wengi wetu tulikuwa tumeshatazama filamu yake ya 2021 na tukaona haya kwamba kitabu chenyewe hatujakigusa. Kwa hiyo tukakubaliana: tusome wote kwa wakati mmoja, kila mtu kwa kasi yake, tukutane mwisho wa mwezi.

Jibu la kwanza kwa yule dada lilikuwa langu. Niliandika, "Dada, maliza kwanza, ndipo tuzungumze." Nikaweka simu chini, nikalala usingizi mzuri.

Hakuuliza tena. Wiki zikapita kimya. Siku ya kukutana ilipofika na zamu yake ikawadia, alisema riwaya ni nzuri sana, inaonyesha ukoloni ulivyowatenganisha watu, inaonyesha mwanamke anavyopigania nafsi yake, na lugha yake ni tamu. Yote kweli, hakuna hata moja la kupingwa. Ila yalikuwa maneno ambayo ungeweza kuyakuta yamechapwa nyuma ya jalada. Nikamuuliza, "Na yule mzee je? Ile huruma uliyokuwa nayo?" Akanitazama. "Huruma gani?"

Nikatoa simu, nikamsikilizisha ujumbe wake. Alisikiliza sauti yake mwenyewe ikinong'ona, mkono mdomoni, macho kwenye kile kioo kidogo. "Kumbe nilisema hivi?" Hakukumbuka. Kurasa zile zote zilizofuata, Yasmin kutoka kwenye ile ndoa, Mwajuma na ukarimu wake, Denge na siasa zake za siri, Inspekta Wright anayemwandama, zilikuja juu ya yule mzee kama mawimbi juu ya nyayo mchangani. Alipofika mwisho, Raza alikuwa amebaki kuwa "yule mume mzee wa mwanzoni". Na ile nafsi yake iliyokuwa imekaa macho saa tano usiku, ikichukia na kuhurumia kwa pamoja, haikuwa na mtu wa kuisemea.

Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Jambo hilo limenikaa kooni muda mrefu, ndiyo maana ninaandika.

Katika kundi letu mimi ndiye nilikuwa mlinzi wa sheria ya kumaliza kwanza. Nilikuwa na sababu zangu, na sizidharau hata leo. Msomaji wa katikati hukosea. Atamwita mhusika msaliti katika sura ya tano, sura ya kumi na mbili imwonyeshe kwamba yule ndiye aliyekuwa akiokoa wenzake. Atalalamika kwamba mwandishi amesahau bastola, kumbe bastola inangojewa mbele. Tena kuna hatari ya kumwaga mtama: aliye mbele akiropoka neno moja tu, aliye nyuma ameshapokonywa uhondo wake. Kwa hiyo nikawa naamini kwamba maoni yenye uzito ni ya mtu aliyefunga kitabu, akapumua, akatafakari. Mengine niliyaona kelele za njiani.

Nilichokuwa nashindwa kukiona ni hiki: mwandishi wa riwaya anamwandikia yule aliye njiani. Taharuki, ile ya kukufanya usome ukiwa umesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni, ipo kwa mtu asiyejua tu. Huruma inayojengwa ukurasa wa 35 imejengwa kwa ajili ya mtu wa ukurasa wa 35, ambaye bado hajui huyu mzee atachukua nafasi gani katika hadithi. Ukishajua mwisho, ile huruma hairudi vilevile. Unaweza kuikumbuka kama unavyokumbuka homa iliyopita, lakini joto lake huna tena. Sasa ikiwa tutazungumza tukiwa tumemaliza tu, basi sehemu kubwa ya kazi ya mwandishi, ile iliyofanyika ndani yetu usiku baada ya usiku, tutaiacha bila shahidi.

Riwaya za upelelezi ndizo zilizonifundisha hili vizuri zaidi. Baada ya kisa cha yule dada niliwaomba wenzangu tusome The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie, iliyotoka 1926 na ikawakasirisha baadhi ya wasomaji wa wakati ule waliodai kwamba mwandishi hakucheza haki. Sitasema kwa nini walikasirika. Safari hii nilitaka jambo moja tu: kila mmoja akifika katikati, aandike kwenye karatasi jina la anayemdhani muuaji na sababu yake, aikunje, anipe. Karatasi sita nikaziweka ndani ya kitabu changu hadi siku ya kukutana.

Siku hiyo, kabla sijazifungua, watu wanne kati ya sita walisema walikuwa na wasiwasi na muuaji "tangu mwanzo". Walisema kwa nia njema kabisa, wakiamini wanachosema. Karatasi zikafunguliwa. Mmoja tu alikuwa amelitaja jina lenyewe, na sababu aliyoiandika haikuwa na uhusiano wowote na ukweli: alisema tu kwamba mtu huyo "ni mpole kupita kiasi". Wengine walikuwa wametawanyika nyumba nzima. Tukakaa na zile karatasi karibu saa mbili. Kila mtu alifungua tena kurasa alizokuwa amezisoma wakati anaandika jina lake, akitafuta ni sentensi gani iliyomvuta kule. Tulizipata. Zilikuwepo, zimepangwa kwa uangalifu, kila moja ikiwa na tafsiri mbili. Bila zile karatasi tungesema "mwandishi ametudanganya kwa ustadi" tukaenda zetu. Kwa zile karatasi tuliona ustadi wenyewe ukifanya kazi, neno kwa neno, juu ya vichwa vyetu wenyewe.

Sijawahi kuwa na mazungumzo matamu kama yale kuhusu kitabu chochote.

Zamani, kwa riwaya nyingi zilizopendwa, hapakuwa na namna nyingine ya kuzungumza. Zilitoka vipande vipande, magazetini au katika vijitabu, na kila kipande kikaishia kwenye lile neno ambalo kila mpenzi wa hadithi analijua: itaendelea. Msomaji alilazimika kukaa na kutojua kwake kwa wiki nzima au mwezi mzima, na katika kukaa huko akasema, akabisha, akabashiri. Charles Dickens alitoa David Copperfield namna hiyo, kila mwezi, kuanzia Mei 1849 hadi Novemba 1850. Katika toleo la mwishoni mwa 1849 akamwingiza Miss Mowcher, mwanamke mwenye kimo kifupi sana, mwenye maneno mengi, ambaye kila dalili ilionyesha kwamba angekuja kushiriki katika uovu. Jirani yake Dickens, mwanamke mwenye kimo kama hicho, akasoma toleo lile akajiona mwenyewe. Akamwandikia Dickens kumweleza jinsi alivyoumia.

Wazia kama angeambiwa angoje kitabu kiishe! Hakungoja. Na Dickens, ambaye wakati huo alikuwa bado hajaandika sura za mbele, alimwomba radhi akaigeuza njia ya yule mhusika. Miss Mowcher anaporudi baadaye katika riwaya ni mtu mwingine: mwenye moyo, mwenye uchungu, anayesema wazi kwamba watu humhukumu kwa mwili wake. Ukiisoma leo bila kujua kisa hiki utaona mshono mahali pale, kama kitambaa kilichounganishwa kwa uzi wa rangi nyingine. Mimi nikiuona mshono ule nafurahi. Pale ndipo alipopita msomaji wa katikati.

Hata katika zama zetu hizi jambo hilo limetokea. Andy Weir aliiweka The Martian sura kwa sura kwenye tovuti yake mwenyewe kabla haijawa kitabu, na wasomaji wenye ujuzi wa sayansi wakawa wanamwandikia kumsahihisha hesabu na kemia. Anasahihisha, anaendelea. Ilipochapishwa na kampuni kubwa mwaka 2014, macho ya watu wengi yalikuwa yameshapita juu yake, na yote yalikuwa macho ya watu wasiojua kama mtu yule aliyeachwa peke yake Mars atarudi nyumbani.

Najua kitabu chetu kilikuwa kimeshachapwa zamani na hakuna sauti ya usiku ambayo ingembadilisha mzee Raza. Lakini msomaji mwenzako hajachapwa. Bado anaundika. Ule ujumbe wa sekunde 40 kama ungejibiwa, mimi mwenyewe ningerudi kwenye kurasa zile nikamtazama yule mzee kwa jicho jingine, maana nilikuwa nimempita mbio nikimkimbilia Denge.

Hapa inabidi niseme kidogo kuhusu maneno. Wahakiki wetu wana mgawanyo wa riwaya dhati na riwaya pendwa. Dhati ni ile inayochukuliwa kuwa na uzito, pendwa ni ile ya mapenzi, uhalifu, ujasusi, ya kusomwa kwa haraka. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wapelelezi hao wa hadithini wote wamewekwa upande wa pendwa. Sina ugomvi na mgawanyo huo darasani. Ugomvi wangu ni pale unapoingia midomoni mwa wasomaji, mtu anaanza kuomba radhi kabla hajasema: "Mimi nasoma tu hizi za kawaida, si vitabu vya maana." Nimemsikia mama mmoja mtu mzima, ambaye amesoma riwaya nyingi kuliko sisi sote tukijumlishwa, akisema maneno hayo, na moyo wangu ukauma. Mtu aliyemfuata mpelelezi kupitia vitabu vitano, akajua lini mwandishi amechoka na lini amepata moto upya, huyo ni msomaji wa kusikilizwa. Halafu, kwa hili ninalolizungumzia, riwaya pendwa ndiyo shule yenyewe. Imejengwa ili ikate sura mahali pabaya makusudi. Imejengwa ili mtu apige simu usiku na kumwambia mwenzake, "Ameingia kwenye gari, na mimi najua kabisa asingeingia."

Lakini maoni ya katikati nayo yana adabu yake, na tumeijifunza taratibu, kwa kugombana.

La kwanza lilikuja lenyewe. Mtu akisema "kitabu kitamu" au "kinachosha", sasa hapiti hivihivi. Lazima mtu amuulize: ukurasa gani? Swali hilo dogo limefanya kazi kubwa kuliko mafunzo yoyote ya uhakiki. Kijana mmoja kati yetu alisema riwaya fulani inamchosha na anataka kuiacha. Zamani tungemwambia avumilie, mbele kuna utamu. Tukamuuliza ukurasa. Akasema 61. Tukafungua wote ukurasa wa 61, na tukakuta majina mapya saba katika aya mbili: shangazi, mabinamu, jirani na watoto wake, wote wakiingia harusini kwa mpigo, wote wakiwa na majina yanayoanzia na herufi M. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuwataja bila kutazama. Sisi tuliokuwa tumemaliza tulishasahau tulivyohangaika pale. Yeye alikuwa bado ndani ya ile harusi, anatafuta nani ni nani, na maoni yake yalikuwa sahihi kabisa: pale mwandishi aliwabwagia wasomaji mzigo. Aliiacha riwaya hiyo, na hatukumlaumu. Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa, mwaka 1992 aliorodhesha haki kumi za msomaji, na mojawapo ni haki ya kutomaliza kitabu. Mimi ningeongeza nyingine: aliyeacha asikilizwe kwa heshima ileile, maana ndiye peke yake anayejua mlango ulipojifunga.

La pili ni gumu zaidi, la kutomwagiana mtama. Nilikuwa mkali sana hapa, nikiamini kwamba siri ikitoka kitabu kimekufa. Siku hizi nina mashaka. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi kusoma, baadhi wakiambiwa mwisho wake mapema, na walioambiwa wakaelekea kuzifurahia zaidi kidogo kuliko wasioambiwa. Tafiti nyingine zilizofuata zimeonyesha kinyume, kwa hiyo sitaki kulifanya kuwa neno la mwisho. Ila katika kundi letu yupo mama ambaye husoma ukurasa wa mwisho kwanza, kila kitabu, tangu ujana wake. Nilidhani anajinyima. Nilipomuuliza alinijibu, "Mwanangu, mimi nikijua nani atakufa, namtazama vizuri akiwa hai." Sikuwa na jibu. Na kweli, ukimsikiliza anavyozungumzia wahusika, anawataja kwa upole ambao sisi tunaokimbilia mwisho hatuna.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: kila anayesema anataja kwanza alipofika, kisha anazungumza ya nyuma yake tu. Aliye mbele ana ruhusa ya kuuliza, hana ruhusa ya kutikisa kichwa. Kutikisa kichwa kunamwaga mtama kuliko maneno. Niliwahi kuambiwa na mtu, kwa tabasamu tu, "Ahaa, unampenda huyo? Haya," na kitabu kizima kikaharibika, maana kuanzia hapo nikawa namsoma mhusika yule kama mtu anayesubiri kibao.

La kubadilisha mawazo ndilo ninalolipigania zaidi kuliko yote. Tumelelewa kuona aibu kusema "nilimwona hivi, sasa namwona vile." Kwenye riwaya, mtu asiyebadilika toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ananitia shaka; naona kama amesoma akiwa amefunga mlango. Nimeanza kuweka penseli ndani ya kila kitabu changu. Siandiki mengi. Pembeni mwa ukurasa naandika tarehe na neno moja au mawili: "simwamini", "amenichekesha", "mbona kimya?" Nikimaliza narudi kuzisoma alama hizo kabla sijazungumza na mtu, na mara nyingi nakutana na mtu nisiyemtambua, mwenye hasira na matumaini ambayo ningeapa sikuwahi kuwa nayo. Huyo ndiye ninayempeleka kwenye mazungumzo kwanza. Yule aliyemaliza atakuja baadaye.

Yule dada nilimwomba radhi, mbele ya wote, kwa sababu mbele ya wote ndipo nilipomkata. Alicheka akasema yameisha. Lakini hakutuma tena ujumbe wa usiku kwa miezi kadhaa, na nilijua kwa nini, na nikaona heri nianze mimi.

Wiki hii ninasoma Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Ndiyo kwanza nimeanza. Kuna mtoto, Yusuf, ana miaka 12, na kuna mfanyabiashara Aziz ambaye mtoto anamjua kama ndugu wa familia. Aziz akija kuwatembelea humpa mtoto sarafu. Ni mtulivu, ni mnadhifu, hapandishi sauti. Mtoto anamngojea kwa hamu, na mimi nikawa namngojea pamoja naye. Halafu inapofika siku ya mtoto kuondoka na huyu bwana, na sababu ya kuondoka kwake ikaanza kujitokeza taratibu, nikarudi nyuma kuitazama tena ile sarafu. Nikaisoma sentensi yake mara tatu.

Saa ilikuwa imepita tano. Nikafungua simu, nikabonyeza pa kurekodi, nikasema kwa kunong'ona ingawa nilikuwa peke yangu: kwamba nampenda huyu Aziz, kwamba naogopa kumpenda, kwamba sijui mbele kuna nini na asiniambie mtu. Nikatuma.

Haikupita dakika. Alikuwa ni yule dada.

"Ukurasa gani?"